Wiki Mbili Katika Nyumba ya Wenyewe: Simulizi ya Safari ya Kubadilishana Nyumba

Miezi minne kabla ya safari

Kwa muda wa wiki mbili familia yetu ya watu wanne ilikaa ugenini katika nyumba ya watu ambao, siku hizo hizo, walikuwa wakilala katika vitanda vyetu. Kumbukumbu zifuatazo niliziandika kila usiku, na nimezipanga kwa siku ili anayefikiria likizo ya namna hii aone mambo yanavyokwenda tangu mwanzo hadi ufunguo unaporudi mikononi mwa mwenyewe.

Utaratibu wenyewe si wa jana. Shirika la Intervac lilianza mwaka 1953 kwa juhudi za walimu wa Ulaya, na mwaka 1992 Ed Kushins alianzisha HomeExchange, ambako siku hizi mtu anaweza pia kuwapokea wageni, akapata pointi, kisha akazitumia kwenda kwingine kwa wakati wake. Sisi tulichagua njia ya zamani, yaani familia mbili kubadilishana kwa tarehe zilezile, kwa sababu kila upande huwa na jambo la kulinda kwa mwenzake.

Kabla ya kukubali chochote tulizungumza na wenzetu kwa simu ya video mara tatu. Mara ya pili tuliomba tutembezwe nyumba nzima, chumba kwa chumba, nasi tukawatembeza ya kwetu. Sikuona haya kuomba hivyo, kwa kuwa matapeli huchukua picha za nyumba za watu wengine na kuzitangaza kama zao, na anayekwepa kuonyesha jikoni kwake kwa simu, au anayedai atumiwe fedha za kuhakikisha nafasi nje ya mfumo ambamo mlikutana, ni wa kuachana naye mapema.

Baada ya hapo tuliandika makubaliano ya kurasa mbili. Yalitaja tarehe na saa ya kuingia na kutoka, majina ya watakaolala, kwamba kila familia italipa umeme na maji ya nyumba yake yenyewe, nani atafanya usafi wa mwisho, nini kitafuata kitu kikivunjika, na nini kitafuata upande mmoja ukishindwa kusafiri. Magari hatukubadilishana. Bima ya gari mara nyingi hufuata madereva waliotajwa, na leseni ya kimataifa nayo hutegemea iwapo nchi husika inatambua ile ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1949 au ya mwaka 1968. Wiki mbili hazikutosha kutufanya tubebe mzigo huo.

Bima ya nyumba ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi zaidi. Niliiandikia kampuni yetu ya bima nikieleza wazi kwamba nyumba itakaliwa na wageni wasiolipa kodi, na nikaomba jibu la maandishi. Ni muhimu kuuliza swali hilo kwa maneno hayo, kwa sababu bima nyingi hutofautisha mgeni na mpangaji, na nyingi hazilipi wizi usioacha dalili ya mlango kuvunjwa. Anayeishi katika nyumba ya kupanga anapaswa kwanza kupata ruhusa ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi.

Miezi miwili kabla ya safari

Tulifuata mpangilio huu: makubaliano kwanza, viza baadaye, tiketi mwishoni. Wenyeji wetu walituandikia barua yenye anwani kamili na tarehe za kukaa, tukaiambatanisha na maombi ya viza, kwa kuwa ofisa anayekagua maombi hutaka kujua mtu atalala wapi, na neno "kwa rafiki" peke yake halimtoshi. Pasipoti nazo zikaguliwe mapema. Nchi nyingi hutaka ziwe na uhai wa miezi sita, na nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hutaka angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka huko, huku mgeni wa muda mfupi akiruhusiwa siku 90 katika kila siku 180.

Siku mbili kabla ya kuondoka

Nyumba yetu sasa ina kabati moja lililofungwa kwa kufuli, lenye hati, vito vya mke wangu na kompyuta ya kazi. Vingine vyote viko wazi. Tumeacha nusu ya kila kabati la nguo ikiwa tupu, pamoja na rafu mbili za friji, maana mgeni asiyekuwa na mahali pa kuweka nguo zake huishi kwenye sanduku kama aliye stesheni. Nimeondoa akaunti zetu kwenye televisheni, na nimewaeleza wageni kuhusu kamera iliyo mlangoni kwa nje. Ndani hakuna kamera. Lau ingekuwapo, ningeiondoa, kwa sababu mtu hawezi kupumzika mahali anapotazamwa.

Kisha kuna kijitabu cha nyumba. Nimekiandika kwa kurasa sita, na leo nimemwomba dada yangu, anayetunza ufunguo wa akiba, aingie na kurasa hizo mkononi na kuendesha kila kifaa bila kuniuliza neno. Alikwama mara tatu. Kwenye hita ya maji alisimama, akanisomea sentensi yangu kwa sauti, kisha akasema, "Kaka, umeandika 'washa hita kama kawaida.' Mgeni ataijuaje kawaida yetu?"

Nilifuta, nikaandika: swichi nyekundu iliyo kulia kwa mlango wa bafu, iwashwe dakika thelathini kabla ya kuoga, izimwe baadaye. Jaribio hilo la kumtumia mtu mwingine kusoma maelezo lilinifaa kuliko maandalizi mengine yote, ingawa, kama nitakavyoeleza kwenye siku ya tano, halikukamata kila kitu.

Kuhusu mizigo, nilisoma maandishi madogo yaliyo kwenye kila chaja. Iliyoandikwa 100–240 V huhitaji adapta ya plagi tu. Vifaa vya joto, kama kikausha nywele na pasi, mara nyingi hukubali volti za aina moja tu. Katika nchi nyingi umeme wa majumbani ni kati ya volti 220 na 240, lakini Marekani ni 120 na Japani ni 100, na adapta ya plagi haibadilishi volti hata kidogo. Vifaa hivyo tuliviacha, kwa kuwa nyumba tunayokwenda inavyo.

Siku ya 1

Tumefika jioni, tumechoka. Ufunguo tumeupokea kwa jirani, mama mtu mzima aliyekuwa akitusubiri na jina letu kwenye karatasi. Nasifu mpango huo. Ufunguo unaoachwa chini ya chungu unaweza kuokotwa na yeyote, lakini ufunguo unaotoka mkononi mwa jirani huja pamoja na mtu wa kumgongea mlango usiku.

Kabla ya kufungua masanduku nilipita chumba kwa chumba nikipiga picha: meza ilivyopangwa, mikwaruzo iliyokuwepo sakafuni, mita ya umeme. Picha hizo sikuzipiga kwa kuwatilia shaka wenyeji wetu. Siku ya kuondoka ndizo zitakazotuambia mto upi ulikaa kwenye kiti kipi. Nilibonyeza pia kitufe cha king'ora cha moshi hadi kikalia, nikaangalia kama kuna kingine cha kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka gesi isipoungua vizuri, kwa kuwa nyumba inapashwa joto kwa gesi na hewa hiyo ya sumu haina rangi wala harufu. Vyote viwili vipo, vinafanya kazi. Bafu la wageni halikuwa limetumika kwa muda, hivyo nilifungulia maji yakatiririka dakika kadhaa huku dirisha likiwa wazi. Katika maji vuguvugu yaliyotuama, hasa kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, bakteria wa Legionella huzaliana, nao humwingia mtu kwa kuvuta matone ya mvuke.

Namba ya dharura tumeibandika kwenye mlango wa friji pamoja na anwani ya nyumba kwa herufi za nchi hii. Katika Umoja wa Ulaya namba hiyo ni 112, na Marekani na Kanada ni 911, lakini namba bila anwani haisaidii sana mtu anapokuwa na hofu.

Siku ya 2

Makubaliano yetu yalijumuisha kumtunza paka, jike wa miaka tisa. Asubuhi hakuonekana. Watoto walimtafuta chini ya vitanda na nyuma ya mapazia, na mpaka saa sita mchana binti yetu alikuwa karibu kulia. Ukurasa wa nne wa kijitabu cha wenyeji ulikuwa umetuandaa: "Atajificha siku mbili. Msimtoe kwa nguvu. Wekeni chakula mahali pale pale, mfunge madirisha, atakuja mwenyewe." Saa mbili usiku tulikuta bakuli limepungua, na tukaona macho mawili yaking'aa juu ya kabati la nguo.

Wenyeji walituachia pia namba ya daktari wa mifugo, kipimo cha chakula kwa gramu, na barua fupi inayomruhusu daktari kumtibu paka kwa gharama zao hadi kiwango walichokitaja. Barua hiyo ni ya kuigwa. Mgeni asiyekuwa nayo anaweza kujikuta mbele ya daktari akiamua juu ya uhai wa mnyama asiye wake na fedha zisizo zake.

Siku ya 3

Umeme ulikatika tukipika. Majirani walikuwa na taa, kwa hiyo tatizo lilikuwa letu. Kisanduku cha breka, yaani swichi zinazokata umeme unapozidi, kiko ukumbini, nyuma ya makoti yaliyotundikwa, na ndani yake kila breka ina kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: jiko, bafu, vyumba vya juu. Breka ya "jikoni" ilikuwa imeshuka.

Sababu yake ni ya hesabu tu. Breka ya ampea 16 kwenye volti 230 hubeba takriban wati 3,700, na birika la umeme peke yake linaweza kula 2,000 au zaidi. Tulikuwa tumewasha birika na oveni kwenye laini moja. Tulizima vyote, tukapandisha breka, kisha tukawasha kimoja kimoja. Iwapo breka ingeshuka tena huku hakuna kilichowashwa, tusingeilazimisha, tungempigia fundi aliyetajwa kwenye kijitabu. Vile vikaratasi vya mwandiko wa mkono vilituokoa nusu saa ya kupapasa gizani, nami nimeandika kwenye daftari kwamba breka za nyumbani kwetu hazina hata kimoja.

Siku ya 4

Jiko lina sehemu ya kupikia ya induksheni, isiyopasha sufuria ila ile ambayo sumaku huinasa kwenye kitako. Mke wangu alichukua sumaku ya mlango wa friji, akazijaribu sufuria zote, akatenga zinazofaa upande mmoja. Taka nazo zina ndoo nne na siku zake, na kila ndoo ina picha ya vinavyoingia. Kosa la taka hulipiwa na mwenyeji kwa faini au kwa lawama za majirani baada ya mgeni kuondoka, kwa hiyo tumewafundisha watoto kabla ya kujifundisha mengine.

Siku ya 5

Saa kumi na moja alfajiri simu ilitikisika mezani. Ulikuwa ujumbe kutoka nyumbani kwetu: "Maji yanatoka chini ya sinki la jikoni. Tumeweka ndoo lakini inajaa haraka. Koki kuu iko wapi?"

Koki kuu iko nje, kwenye ukuta wa nyuma, chini ya kifuniko cha chuma. Sikuwa nimeiandika popote. Zaidi ya hayo, siku moja kabla ya safari nilikuwa nimepanga vyungu vitatu vya maua juu ya kifuniko hicho ili ua lipendeze machoni pa wageni. Yaani niliwaficha kitu kimoja ambacho nyumba ikipata balaa la maji hutafutwa kabla ya kingine chochote.

Niliwapigia. Mwenzetu alitoka na tochi, akaniambia anaona vyungu tu. Nikamwambia asogeze cha kati. Nilimsikia akikiburuta juu ya zege, kisha kimya, kisha sauti ya kifuniko kikigonga ukuta, na hatimaye akasema maji yamekoma. Muda wote huo nilikuwa nimesimama pekupeku jikoni kwake, nikiitazama koki yake kuu, iliyopakwa rangi ya buluu na kupigwa picha kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu chake.

Dada alifika na fundi wa bomba kabla ya saa nne. Ilikuwa mpira wa kuunganishia uliochakaa. Hatukubishana juu ya malipo, kwa sababu makubaliano yalisema uchakavu wa nyumba ni wa mwenye nyumba, na kwamba mgeni anaweza kumwita fundi bila kuuliza maadamu gharama haizidi kiasi tulichokitaja. Ninamshauri kila mtu ataje kiasi hicho. Bila hicho, mgeni mwenye adabu atasubiri ruhusa huku dari ikilowa.

Jioni niliwatumia picha nne zenye mishale: koki ya maji, valvu ya gesi, kisanduku cha breka na kizima moto. Zilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Siku ya 6 na ya 7

Tulitembea, tukalala, tukasoma vitabu kutoka kwenye rafu zao na kuvirudisha palepale. Paka amehamia miguuni pa binti yetu.

Siku ya 8

Mwanangu amevunja bakuli. Lilikuwa la udongo, la kijani, lenye alama ya dole gumba la mfinyanzi karibu na ukingo, na lilikuwa limesimama peke yake dirishani, jambo lililonifanya nihofu kwamba lina historia. Alitaka tununue lingine linalofanana na kuliweka pale pale.

Nilimkatalia. Tuliokota vipande vyote, hata vile vidogo, tukavifunga kwenye gazeti, nami nikawaandikia wenyeji usiku huohuo, pamoja na picha, nikieleza lilivyovunjika na kuwauliza wangependa tufanye nini. Niliandika siku hiyohiyo kwa makusudi, kwa kuwa habari ya kitu kilichovunjika inayofika siku hiyo huwa habari, lakini ikifika siku ya mwisho, au ikigunduliwa na mwenyewe, huonekana kama tulikuwa tukificha. Jibu lilikuja asubuhi: lilikuwa la mama yake mwenye nyumba, tuhifadhi vipande, kuna mtu anayeweza kuliunga, nasi tukiridhia tuchangie gharama. Tuliridhia. Kijana aliwaandikia mwenyewe barua ya kuomba radhi, nami sikumsahihishia hata neno.

Nimejifunza pia jambo la upande wa pili. Kitu ambacho moyo hauwezi kuvumilia kukipoteza kisiachwe dirishani, kiwekwe kwenye kabati lenye kufuli, hata wageni wawe waungwana kiasi gani.

Siku ya 10

Rafiki yetu anayeishi mji wa jirani aliomba kuja kulala usiku mmoja. Nyumba ina nafasi, lakini makubaliano yanataja watu wanne. Nilimwandikia mwenyeji, akakubali ndani ya saa moja. Huenda angekubali hata baadaye, ila bima yake inawahusu watu anaowajua, na nyumba ni yake.

Binti yetu amezuiwa kuweka mitandaoni picha zinazoonyesha namba ya nyumba, sura za watoto walio kwenye fremu ukutani, au habari kwamba nyumba yetu wenyewe tumeiacha. Alielewa upesi nilipomwuliza angejisikiaje kukiona chumba chake kwenye simu ya mtu asiyemjua.

Siku ya 13

Leo ni siku ya usafi, na tuliitenga yote. Wengi huacha kazi hii kwa asubuhi ya safari, wakaondoka na mashuka mabichi kwenye mashine ya kufulia. Tumefua mashuka, foronya na taulo, tumezikausha na kutandika vitanda upya kama tulivyokubaliana. Friji tumeifuta, tukaacha chakula cha siku moja kwa watu watakaofika wamechoka. Picha za siku ya kwanza tuliziweka mezani, na watoto wakashindana kurudisha kila mto na kila kiti.

Nimewaandikia pia orodha fupi ya niliyoyaona: taa ya ngazi imeungua na tumeiweka nyingine, bawaba ya kabati la bafu imelegea tangu tulipofika, mita ya umeme inasoma hivi.

Siku ya 14

Tulizima, tukafunga, tukajaribu kila dirisha. Jirani alipokea ufunguo, akampokea na paka kwa saa chache zilizobaki. Nilimwandikia mwenyeji kutoka uwanja wa ndege kwamba ufunguo uko kwa jirani, nikitaja saa.

Siku ya 15, nyumbani

Dada alitufungulia mlango. Nyumba ilinukia sabuni. Vyungu vya maua vimehamishiwa upande wa pili wa ua, na kifuniko cha chuma kimeachwa wazi. Juu ya meza ya jikoni kipo kijitabu chetu cha kurasa sita, ambacho sasa kina kurasa saba: wameongeza mmoja mbele, wakachora kwa kalamu ramani ya nyumba yetu, koki ikiwa na rangi ya buluu, na kando yake wameandika dakika ambazo hita huhitaji hasa ili maji yapate moto. Ni arobaini, si thelathini.

Nimeirekebisha namba kwenye ukurasa wa tatu. Kesho nitabandika vikaratasi kwenye breka.